Njia za Nairobi na Waendao kwa Miguu



Katika hesabu za Mweka Hazina, zilizochapwa katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, atakayesoma kwa makini ataona kwamba mwaka huu fedha zilizotumika kwa mazishi zimezidi za wagonjwa na za karo zikijumlishwa pamoja. Akiuliza sababu, ataambiwa neno moja tu: barabara. Tumefiwa na watu wazima wenye nguvu zao, waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini wasirudi.

Mmoja wao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aligongwa na lori wakati wa magharibi alipokuwa akivuka barabara kuu moja ya upande wa mashariki wa mji. Palikuwa na daraja la waendao kwa miguu karibu na pale, naye hakulipanda, alipita chini. Halmashauri ilipokutana ili kutoa msaada wa mazishi, mzee wetu mmoja, ambaye neno lake twaliheshimu, alisimama akasema: “Katiba yetu yasema chama hakitamsaidia mtu aliyekufa katika kuvunja sheria. Daraja lilijengwa, naye akaliacha. Je, huyu hakuvunja sheria?” Kifungu hicho, kama wengi wajuavyo, kilitiwa katika katiba kwa ajili ya wezi na watu wa kupigana ulevini. Hakuna aliyefikiri siku ile kwamba kingemfikia mtu mpole atokaye kazini na mkoba wake wa vyombo. Walakini maneno ya kifungu ni maneno, na mzee alikuwa na haki ya kuyasoma kama yalivyo.

Mkutano uliahirishwa kwa majuma mawili. Sisi watatu tukaagizwa tutafute habari za sheria hizi za njiani, zilitoka wapi na zilimtazama nani, kisha twende pale mahali penyewe tukaone. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli. Mwisho wa mwezi wa Mei 1899 reli iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilifika katika uwanda wa maji maji, ambao Wamasai waliuita kwa jina la maji yake ya baridi, na hapo pakawekwa karakana na bohari kabla ya reli kuanza kupanda milima. Mwaka 1900 zikatangazwa kanuni za kwanza za mji. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na soko likachomwa moto kwa amri. Watu husema kwamba barabara kubwa za katikati ya mji zilifanywa pana namna ile ili gari la kukokotwa na jozi nyingi za ng’ombe liweze kugeuka pasipo taabu. Na atakayesimama leo katika Kenyatta Avenue, iliyokuwa ikiitwa Delamere Avenue, hataona ajabu kusikia hivyo. Basi ng’ombe walipimiwa njia yao. Wenye fedha walipanda riksha, na aliyeivuta riksha alikuwa Mwafrika aliyekwenda mbio kwa miguu yake katika vumbi au katika tope. Yeye hatukuona mahali ambapo alipimiwa chochote.

Sheria ya kwanza ya njiani ambayo Mwafrika wa Nairobi aliijua vema haikuhusu magari. Ilikuwa sheria ya kipande. Ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume mzima alitakiwa achukue kipande chake popote aendapo, na wengi walikitia katika kisanduku kidogo cha chuma wakakining’iniza shingoni. Mwaka 1919 Nairobi ikawa manispaa yenye baraza lake, na kanuni zikazidi: za kukaa mjini bila ya kazi, za kutembea usiku bila ya cheti, za kuuza vitu njiani. Askari alipomsimamisha mtu, hakumwuliza kama ametazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Alimwuliza kipande. Mwezi wa Machi 1922, watu walipokusanyika kudai kwamba Harry Thuku atolewe kifungoni, walipigwa risasi papo hapo njiani, karibu na barabara ambayo leo yaitwa kwa jina lake.

Kipande kiliondolewa mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa mataifa yote. Lakini wazee waliolelewa katika siku zile walikwisha kujifunza, nao wakatufundisha sisi, kwamba mtu akimwona askari mbele yake na apite upande wa pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu ya kuvuka barabara.

Tazameni pia jinsi makazi yalivyopangwa. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya kwanza baada ya 1920, na baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na nyinginezo, zote upande wa mashariki. Kazi zilikuwa kwingine. Wapishi na watunza bustani waliamka usiku kwenda Parklands na Muthaiga. Watu wa viwandani walivuka reli kuelekea kusini. Aliyebahatika alikuwa na baisikeli, naye ilimpasa aangalie taa yake na breki zake, maana baisikeli nayo ilikuwa na sheria zake. Mwaka 1934 kampuni moja ya London ilianzisha mabasi ya mji, nayo yalikuwa 13 tu. Nauli ilihesabiwa kwa senti, lakini senti hizo ndizo zilizokuwa unga wa jioni, na kwa hiyo wengi waliendelea kwenda kwa miguu mvua na jua.

Mwaka 1948 ilitolewa ramani kuu ya mji, iliyotengenezwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, yenye fikira nyingi juu ya barabara pana na mizunguko ya magari. Reli ya zamani ya kwenda Uganda, iliyokuwa ikipita kando ya mji, ilihamishwa, na mahali pake pakajengwa ile iitwayo leo Uhuru Highway. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa heshima ya kuitwa Jiji. Kisha mwaka 1953 ikatungwa Sheria ya Trafiki, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1954. Sheria hiyo, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo ituongozayo hata sasa.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, akumbuke mambo yaliyokuwa yakitendeka Nairobi wakati ule. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari. Tangu mwaka 1953 Waafrika wengi walikuwa wamegoma kupanda mabasi. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wa jeshi waliuzunguka mji wote, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa majumbani na njiani, wakapakiwa katika malori na kupelekwa kizuizini. Miezi minne haikutimia tangu sheria ya kulinda watu barabarani ianze, na barabara zile zile zilikuwa mahali pa kutekwa. Mtu aliyeokoka siku ile hakuwa na moyo wa kuuliza maana ya milia myeupe iliyochorwa chini.

Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa kulitazama. Aliyetaka leseni ya kuendesha motokaa alijaribiwa, kwa hiyo alilazimika kujifunza alama na maana yake. Asiyetaka leseni hakuna aliyemwita kumwonyesha kitu. Nasi karibu wote tulikuwa wasiotaka leseni, kwa kuwa tulikuwa wasio na magari. Hivyo sheria ilijulikana na wenye magurudumu, na wenye miguu wakabaki kuikisia.

Baada ya Uhuru wa 1963 majina ya barabara yalibadilishwa. Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Donholm Road ikawa Jogoo Road. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa halali. Watu walikuja mjini kwa wingi, kwa kuwa sasa hakuna aliyeulizwa cheti cha kuingia. Mabasi hayakutosha. Ndipo yakashamiri yale magari ya watu binafsi yaliyokuwa yameanza kwa kujificha muda mfupi kabla ya Uhuru, yakitoza nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na kwa ajili ya hizo tatu yakaitwa matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yachukue abiria bila ya leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi. Tangazo lile liliwafungulia watu wengi riziki. Lilifungua na mlango mwingine, kwa sababu kwa miaka zaidi ya kumi gari lililobeba roho za watu lilikuwa na masharti machache kuliko basi lililokwenda sambamba nalo. Mwaka 1984 sheria iliyarudisha chini ya leseni na ukaguzi, lakini kufikia hapo desturi ilikwisha kukomaa.

Hatusemi haya ili kuwatupia madereva lawama yote. Kondakta aning’iniaye mlangoni ni mtoto wa mtu, na baadhi ya wazazi wao wanasoma ukurasa huu. Abiria naye ambaye hugonga bati akihimiza “twende, twende” kwa kuwa amechelewa, huyo ana sehemu yake.

Jambo lililotushangaza zaidi katika uchunguzi huu ni habari za mwaka 2004, ambazo wengi wetu tulizishuhudia. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alitangaza kanuni zilizoanza tarehe 1 Februari mwaka huo: kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mkanda, pasiwe na abiria wa kusimama katika matatu, gari lichorwe mstari wa manjano, dereva na kondakta wavae sare. Wenye magari walilalamika kwamba haiwezekani. Siku ile ya kwanza magari mengi hayakutoka, na Nairobi ikatembea. Barabara ya Jogoo ilijaa watu kutoka ukingo hata ukingo, wamama na viatu mkononi, wazee na makoti yao; aliyekuwa na umri alisema kwamba alikuwa akiona tena asubuhi za ujana wake. Hata hivyo, watu hawakumtukana Waziri. Magari yaliporudi, abiria wenyewe ndio waliokuwa wakimkataza kondakta kuzidisha watu, na jirani alimwambia jirani, “Funga mkanda, ndugu.”

Kwa nini mara ile watu waliipenda sheria? Kwa maoni yetu, ni kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kanuni ya barabarani kumjia mtu wa kawaida kama kitu chake. Ilimhesabia kiti, ikampa mkanda, ikamkataza mwenye nguvu kumbana. Hakuna aliyekamatwa kwa sababu ya kuwa abiria. Katika miezi ya kwanza ajali zilipungua. Baadaye ukali ulilegea, mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa, na leo twaona vijana wamesimama tena ndani ya gari wameinamisha shingo kama mbuzi waendao sokoni. Lakini aliyeiona Februari ile hawezi kuambiwa kwamba watu wa Nairobi hawashiki sheria.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2008 kodi ya pikipiki ndogo ilipunguzwa, na bodaboda zikaenea kila pembe ya nchi. Mwaka 2012 ilitungwa sheria iliyounda mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani. Mwaka huo huo ilifunguliwa barabara kuu ya Thika, iliyojengwa tangu 2009, yenye njia nane mahali pengi. Ilisifiwa, nayo ilistahili sifa. Lakini madaraja ya kuvukia yalichelewa kuliko magari, na watu wengi walikufa wakivuka kwenda upande wa pili wa mitaa ambayo zamani walivuka kwa kutazama tu. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwafikiria waendao kwa miguu na kwa baisikeli, ikaahidi kuwatengea sehemu ya tano ya fedha za uchukuzi. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27, ambayo mwenda kwa miguu haruhusiwi hata kuikanyaga; yeye hupita chini ya kivuli chake. Katika nchi yetu hufa barabarani watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na walio wengi kuliko kundi jingine lolote ni waendao kwa miguu.

Sasa turudi kwa ndugu yetu fundi.

Siku ya Jumatano moja, saa kumi na moja na nusu jioni, tulikwenda mahali alipofia tukasimama mpaka giza likaingia. Tulianza kwa kutembea njia yake. Kutoka lango la karakana yake hadi kwenye ngazi za daraja ni hatua zaidi ya mia nne, nyingi zake kando ya mtaro ulio wazi, pasipo njia ya miguu. Kisha ukishavuka ni hatua nyingine kama hizo kurudi ulikotoka, maana kituo cha matatu kiko mkabala na lile lango. Wachuuzi wamepanga bidhaa zao juu ya daraja, nasi hatuwalaumu, lakini watu wawili hawawezi kupishana. Giza lilipoingia, hakuna taa iliyowaka kule juu. Mama mmoja aliyebeba mtoto alituambia kwamba mume wake amemkataza kupanda baada ya magharibi kwa ajili ya wanyang’anyi. Uzio wa katikati ya barabara umekatwa mkabala na lango, na nyasi za pale zimekwisha kwa kukanyagwa. Njia ile haikukanyagwa na mtu mmoja mkaidi.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Tuliona vijana wenye miguu mizuri wakipita chini kukiwa bado kweupe, daraja likiwa karibu nao, wakikimbia mbele ya magari huku wakicheka. Tulimwona mtu aliyevuka akizungumza na simu, asigeuze kichwa hata mara moja. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai kibandani alituambia kwamba usingizi humruka kila apitapo pale usiku, kwa kuwa mtu mwenye nguo nyeusi haonekani mpaka awe mbele ya taa. Nasi watatu tuliulizana, na ikatubidi tukiri: wawili wetu tumekwisha kupita chini ya madaraja ya namna ile, zaidi ya mara moja, na mmoja alikuwa amemshika mjukuu mkono.

Tuliporudi mbele ya Halmashauri tulieleza yote haya, pamoja na habari za kipande na za malori ya 1954. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba babake alikamatwa siku ile ya Aprili, kwa hiyo hana haja ya kufundishwa. Lakini tukilipa pasipo kusema neno, vijana watadhani kwamba chama kimewapa ruhusa. Aliomba maneno yake yaandikwe katika kumbukumbu, nayo yameandikwa. Wengine wakasema kwamba sheria inayomtaka mtu mchovu atembee hatua mia nane gizani ili kuliondolea lori dakika moja haikumfikiria mtu huyo ilipotungwa, na kwamba chama kilichoanzishwa na watu waliosumbuliwa njiani hakiwezi kuwa cha mwisho kumhukumu maiti wake. Shauri lilipigiwa kura. Msaada ulilipwa wote, na gari likamchukua ndugu yetu hadi kwao, nasi tulikuwamo.

Halmashauri imekata mashauri mengine matatu. Barua imekwisha kupelekwa kwa ofisi inayohusika, kuomba kivuko chenye taa mkabala na lango lile. Mpaka tunapochapa kijitabu hiki jibu halijafika, na Mwandishi ameagizwa aende mwenyewe kuuliza kila mwezi. Pili, kila mwanachama afanyaye kazi za usiku atapewa mkanda wa kung’aa wa kuvaa kifuani; Mweka Hazina amepiga hesabu akaona kwamba bei ya sanduku moja la maiti yatosha kununua mikanda ya matawi yetu yote, na chenji ikabaki. Wenye kutaka mikanda hiyo na wapeleke majina kwa makatibu wa matawi.

La tatu ni kifungu chenyewe cha katiba. Halmashauri yapendekeza kiongezwe maneno haya: “Mwanachama aliyegongwa na gari akienda kwa miguu, mahali popote, hatahesabiwa kuwa amekufa katika kuvunja sheria.” Yule mzee amependekeza maneno mengine, kwamba isihesabiwe hivyo isipokuwa pakishuhudiwa kwamba alikuwa amelewa. Mapendekezo yote mawili yatasomwa katika Mkutano Mkuu, na kila mwanachama aliyelipa ada yake ana kura moja.